Kumtembelea Mwenzi Aliye Ng'ambo



Safari hii ukurasa wetu unawaelekea waume na wake walio na pete vidoleni lakini mwenzi yuko ng'ambo ya bahari. Hapa Wamunyu jambo hili si geni. Mzee Mutisya Munge, aliyeleta kazi ya kuchonga vinyago katika kijiji chetu, aliijifunza akiwa mbali na nyumbani, kule Tanganyika, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada yake wachongaji wengi walikwenda Nairobi na Mombasa kutafuta soko, na wake zao wakabaki wakilima mbaazi na kungoja. Siku hizi safari zimekuwa ndefu zaidi: Marekani, Uingereza, Kanada, Ujerumani. Wala si waume peke yao wanaoondoka. Akina mama nao huenda kutunza wagonjwa na wazee, na baba akabaki na watoto.

Swali linaloletwa mara nyingi kwetu makatekista ni kama hili: "Mume wangu ameniombea karatasi za kwenda kuishi naye. Tumeambiwa tungoje. Mwaka umepita, wa pili unakwisha. Je, ni vibaya nikiomba viza ya matembezi nikamwone kwa majuma machache? Na nikiulizwa ubalozini, niseme nini?"

Jibu fupi ni hili: si vibaya hata kidogo. Kumtembelea mwenzi wako ni jambo jema, nalo ni sehemu ya ahadi uliyotoa mbele ya altare. Lakini njia ya kwenda na njia ya kurudi lazima ziwe za kweli. Tuyaangalie mambo haya moja baada ya jingine.

WENZI WANA HAKI YA KUISHI PAMOJA

Tangu mwanzo Mungu alipanga kwamba mume na mke wawe mwili mmoja (Mwa 2:24). Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1151, yatambua kwamba kuishi pamoja ni wajibu wa wenzi na pia ni haki yao, isipokuwa kuna sababu halali ya kuwatenga. Kutafuta riziki kwaweza kuwa sababu halali. Hata hivyo Mtakatifu Paulo anawaonya wenzi wasinyimane, isipokuwa wamepatana na iwe kwa muda tu, kusudi Shetani asipate nafasi (1 Kor 7:5).

Angalieni maneno hayo mawili: kupatana, na muda. Mume aliyeondoka bila kupatana na mkewe amekwisha kosea kabla ya kupanda ndege. Na wenzi waliopatana, lakini hawajui utengano wao utakoma lini, wako hatarini. Babu zetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka wa ndoa ni wengi: upweke, wivu, uvumi wa majirani, na pesa zilizotumwa zikakosa kuonekana. Ziara ya majuma matatu haimalizi utengano, lakini huwakumbusha wenzi kwamba wao ni mume na mke, si mtuma pesa na mpokea pesa.

KWA NINI TUNANGOJESHWA?

Wenzi wengi hugombana kwa sababu hawajui mambo haya yanavyokwenda. Mke husema, "Angenitaka angekwisha nichukua." Huenda kosa si la mume.

Tuchukue Marekani. Mume aliye raia wa nchi hiyo akimwombea mkewe, mke hahesabiwi katika idadi ya mwaka. Atangoje karatasi zipitiwe tu. Lakini mume mwenye kibali cha kuishi daima, kile watu wanachokiita grini kadi, mkewe huingizwa katika foleni yenye idadi maalumu kila mwaka, na foleni hiyo yaweza kuwa ya miaka. Wote wawili wana mapendo sawa na cheti sawa cha ndoa, lakini kungoja kwao si sawa.

Uingereza, mwaka 2024, ilipandisha kipato anachotakiwa kuwa nacho anayemwita mwenzi wake kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi pauni 29,000. Mwezi wa Machi mwaka huohuo ilikataza wafanyakazi wapya wa kutunza wazee kuja na mume, mke au watoto. Mama aliyekwenda kwa kazi hiyo baada ya hapo hakumtupa mumewe. Sheria ndiyo iliyomfungia mlango. Ujerumani nayo kwa kawaida humtaka mwenzi anayehamia ajue kwanza Kijerumani cha mwanzo.

Basi, wewe uliye nyumbani, kabla ya kumlaumu mwenzako mwombe akueleze karatasi zenu zimefika wapi. Na wewe uliye ng'ambo, usifiche. Piga picha kila barua unayopokea, umtumie. Mke anayeona karatasi kwa macho yake hangoji kwa uchungu kama yule anayeambiwa tu, "Bado, bado."

ABRAMU MLANGONI MWA MISRI

Sasa tuje kwenye ubalozi, ambako wengi hujikwaa.

Kitabu cha Mwanzo chatupa habari ya mume na mke waliofika kwenye mpaka wa nchi ya kigeni wakiwa na hofu (Mwa 12:10-20). Palikuwa na njaa, na Abramu akashuka Misri pamoja na Sarai. Alipokaribia kuingia alimwomba mkewe ajiite dada yake, kusudi mambo yamwendee vizuri. Na kweli yalimwendea vizuri, kwa siku chache. Alipewa kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Lakini Sarai alichukuliwa akapelekwa nyumbani kwa Farao! Mwisho ukweli ulitokea, Farao akamwita Abramu akamuuliza kwa nini alimficha, kisha watu wa Farao wakawasindikiza hadi nje ya nchi. Ndivyo baba yetu katika imani alivyorudishwa kutoka nchi ya watu.

Tena tukiendelea kusoma twaona kwamba Abrahamu alirudia jambo hilohilo kule Gerari, na alipoulizwa alijitetea kwamba Sara ni dada yake kweli kwa upande wa baba (Mwa 20:12). Yaani hakusema uongo mzima. Alisema nusu ya ukweli. Baadaye mwanawe Isaka naye akasema vivyo hivyo juu ya Rebeka (Mwa 26:7). Mtoto alirithi uongo wa baba yake.

Ndugu wasomaji, tusimhukumu Abrahamu, maana alikuwa na hofu kama sisi. Lakini tujifunze. Anayekwenda ubalozini akasema, "Nakwenda kuona nchi tu," huku akificha kwamba mumewe yuko kule, amesema nusu ya ukweli. Ameikana ndoa yake mbele ya mgeni. Na mara nyingi aliyemfundisha hivyo ni dalali wa viza, ambaye amekwisha pokea pesa zake na hatakuwapo siku ya kuulizwa.

Bwana wetu alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo (Mt 5:37). Hakusema, "isipokuwa dirishani pa ubalozi."

UKWELI WENYEWE NI UPI?

Wengine hudhani ukisema kweli utakataliwa papo hapo. Tueleze vizuri.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 humhesabu kila anayeomba viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba atarudi kwao. Kwa hiyo mke ambaye karatasi zake za kuhamia ziko mezani ana mzigo mzito kuliko mtalii wa kawaida. Lakini mzigo mzito si marufuku. Hakuna sheria isemayo kwamba mwenye ombi la kuhamia hawezi kamwe kupewa viza ya matembezi. Kanada imeandika katika sheria yake ya mwaka 2001 kwamba mtu aweza kuwa na nia ya kuhamia baadaye na bado akaruhusiwa kuzuru kwa muda, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka siku zake zikiisha.

Fomu ya viza ya Marekani huuliza waziwazi kama umeombewa kuhamia, na kama una mume au mke kule. Ombi la mumeo tayari liko katika ofisi za serikali yao. Ukiandika "hapana", humdanganyi mtu asiyejua. Wamdanganya mtu mwenye faili yako mkononi. Na adhabu yake si kunyimwa viza hiyo tu. Anayeonekana amedanganya kwa makusudi katika jambo kubwa aweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha wa pekee, ambao si rahisi. Kwa ajili ya majuma matatu, mtu aharibu ombi la maisha! Kweli njia ya mwongo ni fupi.

Basi yafaa kwenda hivi:

Kwanza, jaza fomu kwa mkono wako au ukae kando ya anayekujazia, na usome kila jibu kabla halijatumwa. Jibu baya ni lako, hata kama limeandikwa na mwingine.

Pili, ukiulizwa unakwenda kwa nani, sema: "Nakwenda kwa mume wangu. Ameniombea kuhamia na tunangoja. Nataka kumwona kwa majuma matatu, kisha nirudi nyumbani ningoje zamu yangu."

Tatu, chukua mambo yanayoonyesha kwamba una sababu ya kurudi: barua ya mwajiri inayotaja siku za likizo, karatasi za shamba au biashara, shule wanakosoma watoto. Usitengeneze karatasi ambazo si za kweli. Barua ya uongo ni uongo uliopigwa muhuri.

Nne, kumbuka kwamba ada hairudishwi ukikataliwa. Ile ya viza ya matembezi ya Marekani iliwekwa kuwa dola 185 mwaka 2023. Usiuze mbuzi wote kwa ajili ya ombi ambalo huna uhakika nalo. Pia usifuate habari za sokoni, maana sheria hizi hubadilika; uliza ubalozi wenyewe au wakili anayezijua.

CHETI CHA NDOA NA MBUZI WA NTHEO

Kwetu Ukambani, mke ambaye mbuzi wake wa ntheo wamepelekwa ni mke. Hilo ni jambo la heshima. Lakini kuna mabwana waliopeleka ntheo, wakaishi na mke, wakapata watoto, kisha walipoomba viza wakaandika kwamba hawajaoa, kwa kuwa hawakufunga ndoa kanisani. Miaka ikapita, na walipotaka kumwombea mke wakaulizwa: "Mke huyu alitoka wapi? Mbona uliandika huna mke?"

Ndugu, msifike huko. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka ndoa ziandikishwe, hata zile za kimila. Na kwa sisi Wakatoliki kuna jambo kubwa kuliko cheti. Msiache safari iwatangulie sakramenti. Mwendeeni paroko kabla tiketi haijanunuliwa. Neema ya Sakramenti ya Ndoa ndiyo chakula cha njiani, naye anayesafiri siku nyingi bila chakula huishia kula chochote anachokikuta.

NDOA YA KARATASI

Hapa inanibidi niseme kwa ukali kidogo. Kuna wanaowaambia wake zao, "Nitaoa mtu huku kwa karatasi tu, nikishapata kibali nitamwacha nikuchukue." Na kuna wake wanaokubali wakidhani ni ujanja wa maisha.

Huyo amefanya kama Abramu, tena kwa ubaya zaidi, kwa kuwa amemwita mkewe si mke, kisha akaahidi mbele ya serikali kumpenda mwingine. Nadhiri ya ndoa si vazi la kuazimisha. Anayesema "nakubali" kwa uongo ametukana kitu kitakatifu, amemtumia binadamu mwenzake kama ngazi, na mara nyingi huzaa mtoto katika uongo huo. Hata kwa sheria za dunia njia hiyo ni ya hasara. Marekani huhesabu ndoa ya hila kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, na aliyeifanya aweza kukataliwa kila ombi la baadaye la kuhamia kwa njia ya mwenzi, hata ndoa hiyo ya pili ikiwa ya kweli. Ahadi ya "nitakuja kukuchukua" huifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Kama jambo hili limekwisha tendeka nyumbani kwenu, msikate tamaa. Mlango wa Kitubio u wazi. Mwoneni padre, na pia wakili mwaminifu, kabla ya kupiga hatua nyingine.

MKISHAKUTANA

Viza ikipatikana, furaha ni kubwa. Lakini jitayarisheni. Miaka miwili hubadilisha watu.

Mama, usishangae ukikuta chumba kidogo na mume aliyechoka, anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Picha alizokutumia zilipigwa siku ya mapumziko. Usianze siku ya kwanza kwa hesabu za pesa na kupekua simu. Baba, usimwache mkeo amefungiwa ndani siku nzima, wala usimwambie kila mara kwamba mambo ya nyumbani ni ya kishamba. Omba likizo, hata ya siku chache. Nendeni Misa pamoja. Kama kuna jambo baya lililotokea katika utengano wenu, lisemwe kwa upole na kwa wakati wake, baada ya kila mmoja kuungama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zungumzeni pia mambo ya kesho: tutangoja mpaka lini? Watoto watakaa na nyanya yao mpaka lini? Je, karatasi zikikataliwa, nani atarudi kwa nani? Wenzi wengi hawalijibu swali hilo la mwisho kwa sababu linauma. Lijibuni mkiwa pamoja, mnatazamana, si kwa simu.

Na Mungu akiwajalia mimba katika ziara hiyo, baba awaarifu wazazi wake mapema kwa furaha. Vijijini watu huhesabu miezi kuliko makarani. Usimwache mkeo ajitetee peke yake mbele ya mama mkwe.

SIKU YA KURUDI

Hapa ndipo penye jaribu kubwa. Siku zinakwisha, machozi yanatoka, na rafiki anasema, "Baki tu, wengi wamebaki."

Tumkumbuke Tobia. Baada ya arusi yake, Ragueli baba mkwe alimsihi akae zaidi. Lakini Tobia alijua kwamba nyumbani baba yake alikuwa akihesabu siku, na mama yake Ana akienda kila siku kuitazama njia, akidhani mwanawe amekufa. Siku 14 za sherehe zilipokwisha, akaomba ruhusa aende (Tob 10:1-9). Alikuwa na furaha pale alipokuwa, lakini alikuwa na neno la kutimiza.

Nawe uliahidi kurudi. Watoto wanahesabu siku. Mwajiri aliyekuandikia barua aliweka jina lake kwa ajili yako. Tena sheria ya Marekani ya mwaka 1996 yasema kwamba anayekaa bila kibali zaidi ya siku 180, kisha akaondoka, hufungiwa miaka 3; anayefikisha mwaka mmoja au zaidi hufungiwa miaka 10. Nchi za Schengen za Ulaya humpa mgeni siku 90 katika kila siku 180, basi. Uingereza mgeni wa matembezi haruhusiwi kugeuza viza yake iwe ya ndoa akiwa kulekule. Hurudi kwao akaombe upya. Lakini anayerudi kwa wakati huonyesha kwa matendo kwamba neno lake ni kweli, na ziara yake huwa ushuhuda kwamba ndoa yao ni ndoa hai.

WAKIKUNYIMA

Yawezekana ukasema kweli yote na bado ukanyimwa. Usiseme, "Ningedanganya ningepata." Kunyimwa viza ya matembezi hakuui ombi lenu la kuhamia. Uongo ndio unaoweza kuliua. Basi mume afikiri yeye kuja nyumbani, kama karatasi zake zinamruhusu. Lakini kama ombi lake mwenyewe halijakamilika aulize kwanza, kwa maana kutoka bila idhini kwaweza kulifuta.

Na wakati wa kungoja, wekeni saa moja ya kusali pamoja kwa simu, hata Jumapili tu. Familia Takatifu nayo iliishi ugenini Misri. Papa Pio XII, katika waraka wake wa mwaka 1952 juu ya wahamiaji, aliiweka mbele yetu kuwa mfano wa kila familia iliyolazimika kuhama. Yosefu hakujua ni lini ataambiwa arudi. Alingoja, akifanya kazi yake ya useremala, mpaka malaika alipokuja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, mimi na mwenzangu tumepatana juu ya muda wa utengano wetu?
2. Kuna karatasi yoyote ambayo nimeikana ndoa yangu? Nifanye nini kuirekebisha kwa njia ya haki?
3. Jumuiya yetu huwasaidiaje wake na waume walioachwa nyumbani, badala ya kuwasengenya?

SALA

Ee Yesu, Maria na Yosefu, mlioijua njia ya ugenini, waangalieni wenzi waliotengwa na bahari. Wapeni uvumilivu wa kungoja, ulimi wa kweli mbele ya wakubwa, na moyo usiogawanyika. Siku ya kukutana kwao iwe karibu, na ikifika iwakute bado ni mmoja. Amina.